Ciutadella: Bandari Inayokaushwa na Hewa

Aijuaye bandari ya Mombasa au Dar es Salaam amezoea kuyaona maji yakijaa kwa muda wa saa sita na kupwa kwa saa sita, kimo cha mita 3 na zaidi wakati wa bamvua. Huko Ciutadella, magharibi ya kisiwa cha Menorca nchini Hispania, maji hujaa na kupwa kwa kadiri ya shubiri moja tu. Bandari yenyewe ni hori nyembamba iliyopenya kati ya kuta za mawe chini ya mji wa kale. Urefu wake ni kilomita 1, upana wake haufiki mita 100, na kina chake ni mita 5 hivi.

Hata hivyo, zipo siku za kiangazi ambapo maji huikimbia bandari, mashua zikalala juu ya tope, na baada ya dakika tano yakarudi kwa kishindo. Wenyeji huliita jambo hilo rissaga. Tarehe 15 Juni, 2006, maji yalipanda na kushuka kwa zaidi ya mita 4, na makumi ya mashua yakaharibika au kuzama.

Wataalamu wameyapima mawimbi hayo kwa vyombo vilivyotuama sakafuni mwa bahari. Chombo hicho hakiyaoni mawimbi. Huupima uzito wa maji yaliyo juu yake. Viwimbi vifupi vya upepo hufifia kabla ya kufika chini, bali wimbi refu husikika lote. Lakini hewa nayo huyakandamiza maji, kwa hiyo uzito wake hauna budi kupimwa kwa barometa na kutolewa katika hesabu.

Ajabu ni kwamba mkosaji ni hewa hiyo hiyo. Badiliko la milibari 1 huinua maji sentimita 1 tu. Lakini hewa ya joto itokapo Afrika na kupitiwa juu yake na pepo kali za kusini-magharibi, mawimbi ya hewa hukimbia juu ya bahari sambamba na wimbi la maji, yakilisukuma njia nzima. Likiingia horini hukuta maji yenye mwendo wao wa kwenda na kurudi kila dakika 10 na nusu hivi, na huzidishwa kama bembea isukumwayo kwa wakati wake.

Kwa maoni yangu, chombo kilichomo bandarini ni shahidi, si mlinzi: kinaposema, maji yamekwisha kuondoka. Mlinzi ni barometa iliyoko kisiwa jirani cha Mallorca. Kutoka huko hewa huvuka mlango wa bahari wa kilomita 40 hivi kwa mwendo wa karibu mita 25 kwa sekunde. Hiyo haifiki nusu saa. Muda huo watosha kuwaondoa watu na watoto gatini. Mashua zote haziwezi kuhamishwa.