Ukimpa mtu ufunguo wa gari, umempa na nini?

Siku hizi ukifika kwenye ukumbi wa sherehe Masaki, Mikocheni au Mbezi Beach, kazi ya kutafuta pa kuegesha gari si yako tena. Kijana aliyevaa kizibao cha njano anakufungulia mlango, anakupa kikaratasi chenye namba, anapokea ufunguo na kuondoka na gari. Wewe unarekebisha gauni, unawashika watoto mkono, unaingia ndani. Ni huduma nzuri, hasa kwa mama mwenye viatu virefu na mtoto aliyelala begani.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya na gari sina. Napanda daladala, na nikiwa na haraka bodaboda. Unaweza kuuliza mambo ya kuegesha magari ya watu yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu Desemba iliyopita, kwenye harusi moja, mtoto wa dada yangu alibanwa na pumu saa tatu usiku, na pampu yake ilikuwa ndani ya gari ambalo hakuna aliyejua liko wapi.

Gari lenyewe ni Prado la shemeji. Alilinunua baada ya kudunduliza miaka mingi, na ukimwona anavyolifuta vumbi asubuhi unaelewa. Si mtu wa kukabidhi gari ovyo. Hata kwa fundi hukaa naye gereji mpaka kazi iishe. Lakini pale mlangoni magari yalikuwa yamepanga foleni nyuma yetu yakipiga honi, MC anawahimiza watu waingie, na kijana alikuwa na kizibao na kitambulisho kifuani. Sare inatuliza watu. Nimeliona hilo hospitalini mara nyingi: mtu akivaa tu koti jeupe, wagonjwa wanaanza kumweleza siri zao kabla hawajamuuliza yeye ni nani.

Shemeji aliuliza swali moja. "Mtaliweka wapi?"

"Hapo ndani tu, bosi, ondoa shaka."

Ndani palikuwa pamejaa tangu saa moja. Baadaye tulikuja kujua kwamba magari ya waliochelewa yalikuwa yakipelekwa kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya barabara, nyuma ya baa, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Hakuna aliyetuambia.

Maharusi walipoingia, ile mashine ya moshi ikawashwa na jukwaa likageuka mawingu. Vigelegele vikapigwa. Meza yetu ilikuwa ya mbele kabisa. Mtoto wa dada ana miaka sita, amekuwa na pumu tangu akiwa na mitatu, na moshi ni moja ya vitu vinavyomwanzishia. Akaanza kile kikohozi kikavu cha mfululizo ambacho mzazi wa mtoto mwenye pumu hakihitaji kuelezwa. Dada akafungua mkoba, akapekua, akasimamisha mkono. Pampu ilikuwa kwenye begi la shule, na begi la shule lilikuwa kiti cha nyuma.

Shemeji alitoka mbio na kikaratasi chake, namba 47. Nje kulikuwa na meza, na juu ya meza ubao wenye misumari, kila msumari na namba yake. Msumari wa 47 ulikuwa mtupu. Msimamizi akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga nyingine. Kijana aliyelipeleka gari ametoka kidogo, akasema, anarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilichukua dakika 35.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa upande wa bwana harusi. Mwanawe ana pumu pia, na hatembei bila pampu ya bluu, salbutamol ileile aliyoandikiwa mtoto wetu. Chombo cha kuvutia dawa hatukuwa nacho, kwa hiyo tulitoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tukachomeka mdomo wa pampu kwenye tundu, mtoto akavuta hewa kupitia mdomo wa chupa. Ujanja huo nilionyeshwa na muuguzi nilipokuwa naandika habari za kliniki ya watoto. Si uganga wa kienyeji: madaktari wa Cape Town waliupima kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999, na chupa ya plastiki iliyozibwa vizuri kwenye tundu la pampu ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mpulizo mmoja, pumzi kama sita, mpulizo mwingine. Baada ya robo saa hivi kifua kikaanza kulegea.

Gari lilipoletwa halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo kila mwanaume niliyemsimulia kisa hiki ameniuliza. Lakini kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma, redio imehamishiwa stesheni nyingine, na ndani mna harufu ya chipsi. Shemeji ana kawaida ya kurudisha sifuri kihesabu cha safari kila anapojaza mafuta. Jioni ile alijaza kwenye kituo kilicho kama kilomita 9 kutoka ukumbini. Kihesabu kilisoma 41.

Njia nzima ya kurudi nyumbani shemeji alilalamikia zile kilomita 32. Dada hakusema neno. Tulipofika alilichukua lile fungu la funguo, akaliweka mezani na kuanza kulihesabu: rimoti ya gari, rimoti ya geti, ufunguo wa mlango wa mbele, wa mlango wa jikoni, wa stoo. Kisha akataja vilivyokuwa kwenye droo ya dashibodi: nakala ya kadi ya gari yenye jina la mumewe, barua ya shule yenye jina la mtoto na darasa lake, risiti ya umeme. Kwenye ramani ya gari kuna sehemu imehifadhiwa kwa jina la Nyumbani. Ukibonyeza inakupeleka mpaka getini.

"Mtu amekaa na vitu hivi saa tatu nzima," alisema. "Wewe unalia mafuta."

Jumatatu vitasa vyote vilibadilishwa. Gharama yake haikufika hata robo ya bei ya bampa la Prado.

Hapo ndipo ninapoona tunakosea hesabu kuhusu gari la bei kubwa. Tunawaza rangi, saiti mira, vifaa vya kung'olewa, na kweli vinang'olewa. Lakini gari la familia ni chumba kingine cha nyumba. Lina dawa, lina daftari, lina nguo za mtoto, lina njia ya kurudi nyumbani. Na likiwa la gharama linatangaza kwamba huko nyumbani kuna vya kuchukua.

Wiki iliyofuata nilirudi pale ukumbini mchana, kwa udadisi wa kazi. Vijana wawili walikuwepo wakifagia. Kwa maelezo yao, wao si waajiriwa wa ukumbi. Wanaletwa na mtu anayepewa kazi ya maegesho, wanalipwa kwa usiku mmoja, na sherehe zikiwa nyingi wanawaita rafiki zao wawasaidie. Sikuwaona kama wezi. Niliona vijana wanaokabidhiwa magari ya mamilioni kwa malipo ya siku, bila mtu wa kuandika nani amechukua ufunguo upi saa ngapi. Ule ubao wa misumari ulikuwa umeegemezwa ukutani, mahali ambapo mgeni yeyote angeweza kunyoosha mkono.

Nautaja ubao kwa sababu kuna kesi maarufu iliyoanza hivyohivyo. Usiku wa Agosti 1, 1998, mtu mmoja aliingia Taj Mahal Hotel jijini Delhi, India, na kumkabidhi mhudumu gari lake aina ya Maruti Zen. Alipotoka karibu saa saba usiku aliambiwa limeondoka na mtu mwingine. Vijana watatu walikuja na gari lao, wakaomba waletewe, na katika heka heka hiyo mmoja wao akachukua ufunguo usio wake, akaenda kwenye maegesho na kuondoka. Hoteli ilijitetea kwa kikaratasi: kilikuwa kimeandikwa kwamba gari linaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Novemba 2019, miaka 21 baadaye, Mahakama ya Juu ya India ilisema hoteli ikishapokea ufunguo imepokea na wajibu wa kulitunza gari, na haiwezi kujivua uzembe wake kwa maandishi ya kwenye kikaratasi.

India ni mbali, ila Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilichongwa kutoka kwenye ile ya India ya mwaka 1872. Nayo inamtaka anayepokea mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza yake. Hukumu za India haziwafungi majaji wetu, lakini huzisoma kwa hoja. Kwa hiyo yale maandishi madogo ya "ukumbi hautahusika" yasikutishe ukanyamaza. Ila angalia na muda: miaka 21. Aliyelipwa mapema pale Delhi alilipwa na kampuni yake ya bima, ndiyo maana bima ndiyo iliyokuwa ikihangaika na hoteli mahakamani. Mwenye bima ndogo hapa kwetu, ile inayolipa hasara ya watu wengine tu, gari lake likiibwa hana pa kuanzia. Na mwenye bima kubwa asome kipengele cha nani anaruhusiwa kuendesha. Ni kurasa chache, unaweza kuzisoma ukiwa kwenye foleni ya Mwenge.

Watengenezaji wa magari wenyewe wanalijua tatizo. Chevrolet waliiwekea Corvette ya mwaka 2015 mfumo wa kurekodi video na mwendo wakati gari liko mikononi mwa mhudumu wa maegesho. Tesla ina hali maalumu ambayo inazuia gari kupita kama kilomita 112 kwa saa na kufunga droo ya dashibodi. Kwa magari yetu mengi kuna kitu kidogo ambacho wenye nayo hawakijui: ndani ya rimoti ya gari la kuwasha kwa kitufe mara nyingi kuna ufunguo mwembamba wa chuma unaochomoka. Katika baadhi ya magari ufunguo huo unafunga droo ya dashibodi. Unauchomoa, unabaki nao, unampa kijana rimoti peke yake. Shemeji alikaa na gari miaka miwili bila kujua kwamba anao.

Dada sasa ana utaratibu wake, na mimi naupenda kwa sababu hauhitaji ugomvi mlangoni. Rimoti ya gari imetengwa na funguo za nyumba, kila moja na kishikizo chake. Akiwa bado ndani ya gari anapiga picha dashibodi, kilomita na mafuta vionekane, kisha anashuka na kupiga picha pande nne mbele ya kijana mwenyewe. Anamuuliza jina, anaomba namba ya simu ya msimamizi, anaipiga hapohapo aisikie inaita. Anasema, "Mdogo wangu, nina mtoto mgonjwa, naweza kulihitaji muda wowote, nionyeshe linapokaa." Wakisita kumwonyesha, shemeji anaegesha mwenyewe hata kama ni mbali, na sisi tunatangulia ndani.

Na watoto wote wanashuka kwanza. Nimesikia mzazi akimwambia mhudumu, "Huyo wa nyuma amelala, mwache, tutamfuata." Tafadhali. Gari lililofungwa juani linaweza kuongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 20 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokea katika nusu saa ya mwanzo. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi sana. Kwa joto la Dar la Januari, fanya hesabu mwenyewe.

Joto hilo ndilo linalonifanya niseme dawa zisikae kwenye gari kabisa, awe mhudumu mwaminifu au la. Pampu ya pumu inatakiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na ni kopo lenye presha, likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka. Insulini inaharibika kwa joto bila kubadilika rangi, unachoma sindano ukidhani umechoma dawa. Kama mtoto ana pumu, kifafa au kisukari, dawa yake ya dharura inakaa kwenye mkoba wa mtu mzima aliye naye, na watu wazima wawili wajue ni mkoba upi.

Jambo la mwisho ni la wale wanaosubiri gari lao liletwe. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akivuta hewa mpaka ngozi ya katikati ya mbavu inazama, midomo ikianza kubadilika rangi, au akipata dawa bila kupata nafuu, usisimame kwenye meza ya funguo. Endelea kumpa pampu huku mnatoka. Panda teksi, Bajaji, gari la mgeni yeyote anayetoka, mwende hospitali iliyo karibu. Gari lenu mtalifuata kesho yake.