Ukipigwa Tekken, usisingizie pedi

Wadau, kuna jamaa mmoja wa Hirbadaw, dereva boda, kila akishusha abiria Katesh lazima apitie banda la gemu. Mchezo ni Tekken 3, ile ile ya PlayStation ya mwaka 1998. Sheria mnaijua: aliyepigwa anaachia pedi, mshindi anabaki.

Jamaa alikuwa hajui kushindwa. Akipigwa, pedi mbovu. Akipigwa tena, jua linamulika tivii. Na anayemnyoosha ni dogo wa sekondari anayemchezesha Eddy, yule Mbrazili wa capoeira. Mtaani wanasema Eddy ni wa kubonyeza hovyo tu, ndio maana ilimuuma zaidi. Siku moja akapaniki, akaanza kuweka jero kila gemu ili arudishe. Mpaka jioni hesabu ya bosi imeliwa yote. Bosi akaichukua pikipiki, akakaa nayo siku tatu.

Siku hizo jamaa hana hela wala safari, akawa anakaa benchi nyuma ya dogo, anatazama tu. Ndipo akaona kumbe hakuna hovyo pale. Ukivuta nyuma umesimama, unazuia mapigo ya juu na ya kati. Teke la chini linataka uchuchumae: chini na nyuma kwa pamoja. Jamaa hajawahi kuchuchumaa, na dogo alikuwa anamfagia miguu tu.

Akameza mate, akauliza, "Dogo, mimi unanipatia wapi?"

"Kaka, ukishaguswa mara moja unanifuata na hasira. Mimi nakusubiri tu."

Hata wakubwa wanapitia humo. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Pakistan alibeba EVO ya Japani, halafu EVO ya Las Vegas kwa kumpiga Knee wa Korea Kusini fainali. Knee ni mkongwe wa Tekken, lakini mwaka huo huo alifunga safari mpaka Pakistan kucheza na vijana wa kule.

Jamaa wetu bado anapigwa, ila siku hizi mpaka raundi ya tatu. Akipigwa anaachia pedi, anauliza swali moja, anawasha pikipiki. Jero haweki tena, na hesabu ya bosi inafika.

Haya, na wewe ukipigwa huwa unasingizia nini? Tiririka hapo chini.