Kaya: Misitu Mitakatifu ya Wamijikenda

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba kaya ni mahali pa mashetani, na kwamba mwanamke Mkristo hana haja hata ya kuuliza habari zake. Lakini wapo akina mama wengi walioolewa katika jamii za Pwani ya Kenya ambao mama mkwe huzitaja kaya na koma kila mara mtoto anapougua au mvua inapochelewa. Mama huyo amjibu nini mkwewe, ikiwa hajui hata kitu anachokikataa? Ndiyo sababu tulifunga safari kwenda kujionea wenyewe.

Neno "kaya" sisi Waswahili tunalitumia kwa watu wa nyumba moja. Kwa Wamijikenda maana yake ni mji, yaani nyumbani. Wamijikenda ni jamii tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Wazee wao husimulia kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga miji yao katikati ya misitu minene ili maadui wasiwafikie. Baadaye kulipokuwa na amani watu walitoka kidogo kidogo kwenda kulima, na kufikia miaka ya 1940 miji hiyo ilikuwa imebaki mitupu. Msitu haukukatwa, kwa kuwa ndani yake wamelala wahenga.

Ndani ya Kaya Kinondo

Kutoka Mombasa tulivuka kivuko cha Likoni, tukapanda matatu hadi Ukunda, kisha tukaelekea kusini kupita hoteli za Diani mpaka Kinondo. Kaya hii ni ya Wadigo, na tangu mwaka 2001 wenyeji wenyewe wamekuwa wakiwapokea wageni na kuwatembeza.

Kabla ya kuingia kila mmoja wetu alipewa kaniki nyeusi ajifunge kiunoni. Tulielezwa masharti: usichume jani, usiokote hata kijiti kilichokauka, usitoke na kitu chochote. Kubusiana ni mwiko. Mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba laiti watoto wetu wangeingia kanisani kwa heshima kama hiyo!

Ndani kuna baridi na kivuli, ingawa nje jua lilikuwa kali. Miti ni mikubwa, mizizi yake imekumbatia mawe ya matumbawe. Tulitazama huku na huku tukitafuta madhabahu, sanamu, au angalau kibanda, lakini hatukuona. Msitu wenyewe ndio hekalu.

Fingo, koma na vigango

Kitu kitakatifu kuliko vyote katika kaya hakionekani. Ni fingo, yaani hirizi ya ulinzi ya jamii nzima, ambayo kwa masimulizi ya wazee ilibebwa kutoka Singwaya na kuzikwa ardhini. Mahali ilipozikwa hujulikana na wazee wachache tu.

Koma ni roho za waliofariki, na pia ndilo jina la vijiti vifupi vinavyosimikwa kwa kuwakumbuka. Kwa Wagiriama, mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wenye mali na heshima, huchongewa kigango. Hiki ni nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, ambayo hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi. Mara nyingi husimikwa baada ya marehemu kumtokea ndugu yake ndotoni na kulalamika kwamba amesahauliwa. Kikisha kusimikwa hakihamishwi wala hakikarabatiwi. Mchwa na mvua hukimaliza chenyewe.

Basi, mama, ukisikia mkweo anasema mtoto anaumwa kwa sababu babu amesahauliwa, ujue kwamba hasemi mambo ya uchawi. Anaogopa kuvunja undugu na waliotangulia. Uchawi ni kitu ambacho wazee wa kaya wenyewe wanakilaani, na viapo vyao vya kale vilitumika kuupiga vita.

Waliopora na waliorudisha

Kwa miaka mingi vigango viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Bi. Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka ilipita, na mwaka 1999 Bi. Udvardy alikuwa akimsikiliza mtafiti mwenzake, Bi. Linda Giles, alipokiona kimoja katika picha za mkusanyo wa makumbusho ya Marekani. Wanawake hao wawili hawakuchoka kufuatilia, na mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa Kenya. Mzee alikuwa amekwisha fariki, lakini mkewe na watoto wake walivipokea. Hebu fikiri: kitu ambacho kwa mnunuzi kilikuwa pambo la ukutani, kwa mama yule kilikuwa kaburi la shemeji zake.

Misitu nayo imeponea chupuchupu. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Waingereza ililipua Kaya Fungo ya Wagiriama kwa baruti, kwa sababu ndiko Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alikowakusanya watu mwaka 1913 na kuwalisha kiapo cha kukataa kodi na kazi ya lazima. Baadaye yalikuja mashoka na wanyakuzi wa ardhi. Tangu mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia.

Rabai: kaya na kanisa

Siku ya pili tulikwenda Rabai. Hapa misheni ilianzishwa mwaka 1846 na Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosina na kitoto chao kichanga huko Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Wazee wa Rabai ndio waliowakubalia wageni hao kukaa kwao. Mpaka leo kanisa na kaya ni majirani, na wapo Warabai wanaokwenda ibada Jumapili na ambao hawawezi kuthubutu kukata mti wa kaya.

Tuwaambie nini watoto wetu?

Jambo hili si la kuchezea. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Mtoto anayefundishwa kwamba kila kijiti cha koma ni ushetani atakuwa mwepesi kuamini kwamba bibi yake mwenye mvi ni mchawi. Hapo hatujamfundisha imani bali tumemfundisha hofu.

Mtume Paulo alipoikuta madhabahu ya wageni kule Athene hakuivunja. Aliitazama kwanza, kisha akazungumza na wenyewe kwa adabu. Nasi tunaweza kukataa kumwaga tembo kwenye koma bila kumtukana anayemwaga. Mwambie mama mkwe, "Mama, mimi namwomba Mungu kwa ajili ya mtoto huyu, na babu zake nitamsimulia." Kisha msimulie kweli: majina yao, walikotoka, msitu waliouacha. Mtoto akiugua, mpeleke zahanati mapema, na mwalike mkweo mfuatane.

Ukipata nafasi ya kwenda Kinondo, vaa viatu vilivyofunika miguu, na wachukue watoto walio wakubwa kiasi cha kutii masharti. Waulize wazee, wanapenda kuulizwa.