Kutoka Bosongo hadi Kebirigo

Mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Bosongo, umekaa juu ya kilima na mabonde yake, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu ya Kisumu kwenda Migori na Isebania haiuzunguki, inaupasua katikati. Msafiri hupita Ahero, Sondu na Oyugis, kisha kuanzia Nyakoe migomba inamfuata pande zote mbili na ubaridi unaingia dirishani. Nyumba haziachani tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya kilomita za mraba 1,300 na ushei, na ni vigumu kusema shamba linaishia wapi na mji unaanzia wapi.

Barabara hiyo ndiyo mji wenyewe. Maduka ya jumla, benki, mabasi ya Nairobi na magari madogo ya Probox ya vijijini vyote vinagombea ukanda mmoja, na jamu ya mzunguko wa Capital imekuwa sehemu ya ratiba ya kila mtu. Wageni huwalaumu madereva. Lawama ingefaa iende mbali zaidi: boma la Waingereza lililofunguliwa hapa mwaka 1907 lilikuwa la ofisa mmoja na askari wake. Malori ya Tanzania hayakuwa katika hesabu.

Ofisa huyo, Geoffry Northcote, alichomwa mkuki na Otenyo Nyamaterere mnamo Januari 1908. Nyuma ya Otenyo alikuwapo Moraa wa Ngiti, mwaguzi aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, vijiji vikachomwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa. Vita Vikuu vya Kwanza viliufikia mji mapema. Wajerumani waliingia tarehe 11 Septemba 1914, na kesho yake askari wa King's African Rifles wakawashambulia hadi Wajerumani wakarudi nyuma. Wenyeji, walipoona Waingereza wamewakimbia Wajerumani, walijitwalia mali ya maofisini na madukani, na wakaja kuilipa kwa mifugo. Hospitali kuu ya rufaa, ambayo sasa hufundisha madaktari, ina asili yake katika matibabu ya askari wa vita hivyo, na mtaa wa Nubia unakumbusha askari wenye asili ya Sudan waliobaki hapa na familia zao.

Gusii Stadium ni uwanja wa Shabana, timu iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje. Siku ya mechi, wito wa mashabiki wake, "Tore Bobe", husikika kabla uwanja haujaonekana.

Daraja Mbili ndiko mji unakokula. Soko hili la wazi hufurika Jumatatu na Alhamisi: mikungu ya ndizi imelazwa chini kwa safu, parachichi zimemwagwa juu ya magunia, na mafungu ya mboga za chinsaga na managu yananyunyiziwa maji yasinyauke. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji ukibeba taka zake, jambo la aibu kwa mji wenye mvua nyingi namna hii. Vinyago vya mawe ya sabuni vinavyouzwa mjini hutoka Tabaka, upande wa kusini-magharibi. Huko kwa kawaida wanaume huchonga jiwe, kisha wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka mikwaruzo yote iishe, ndipo linapopakwa nta na kung'arishwa.

Kwenda Nyamira, gari linapanda huku ukingo wa Manga ukisimama kama ukuta, na migomba inaachia majani chai nafasi. Nyamira, kaunti ya watu 605,576, ina mji mkuu mdogo: ofisi za kaunti, hospitali, stendi na safu chache za maduka, basi. Anayetafuta majengo makubwa asisumbuke. Uzito wa eneo hili uko kwenye mashamba. Mbele kidogo, Kebirigo, kipo kiwanda kinachopokea majani mabichi ya wakulima wadogo; majani hayo hunyaushwa, husagwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa. Kutoka hapo lami inaendelea hadi Chebilat, mpakani mwa kaunti, ambako Ekegusii na Kikipsigis husikika katika soko moja.