Delta ya Rufiji: Nani Anaweza Kusema Hapana?

Katika lugha ya ofisi zetu neno "uratibu" linapendwa mno, nami nimeanza kulitilia shaka. Kila inapoandikwa kwamba jambo fulani "litaratibiwa kwa kushirikisha wadau wote", mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekubali kuulizwa siku jambo hilo litakapoharibika. Sijaona mahali shaka hiyo inapothibitika waziwazi kama katika Delta ya Rufiji, ile nchi ya visiwa, vijito na mikoko iliyoko mashariki ya Kibiti, ambako kwa zaidi ya karne moja kila utawala umekuwa na mpango wake wa kuhifadhi.

Hebu tuhesabu. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa Serikali, na mlinzi wake leo ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Samaki na kamba wanaozaliwa katika mizizi ya mikoko hiyo hiyo wana wizara nyingine, yenye vikundi vyake vya BMU vijijini. Maji ya mto yako mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Tathmini za mazingira ni kazi ya NEMC. Eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na masuala ya Ramsar nchini yamekuwa chini ya Idara ya Wanyamapori. Vijiji vya delta viko katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Na juu kabisa ya mto limekaa Bwawa la Julius Nyerere, ambalo ni la Tanesco. Kila mmoja wa hawa ana sheria inayompa haki ya kuwapo. Mkulima wa Salale hukutana nao mmoja mmoja, kwa zamu, kila mmoja na boti yake.

Kinachogombewa si kidogo. Mikoko ya delta hii ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukadiriwa kuwa takriban hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Humo mna mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, msinzi, mkomafi na msikundazi, na kila mti una mahali pake kulingana na chumvi na kimo cha maji. Sehemu kubwa ya kamba waliokuwa wakivuliwa nchini kwa ajili ya kuuzwa nje walitoka katika maji yanayopakana na misitu hii. Boriti zake zilipakiwa katika majahazi hadi nchi za Ghuba kwa vizazi vingi, na wenyeji, wakiwamo Wanyagatwa na Wandengereko, walikuwa wakizikata kabla ya Wajerumani kuiweka mikoko hiyo chini ya hifadhi mwaka 1898.

Tangu hapo historia ni ya amri zinazofuatana. Mwaka 1987 ukataji ulipigwa marufuku. Mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, kazi iliyoongozwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanasayansi ambaye vijana wetu wangefaa kumfahamu zaidi. Mpango ule uliigawa mikoko katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kurejeshwa baada ya kuharibiwa, na ya shughuli za maendeleo. Ndani yake mlikuwa na jambo la busara, yaani kukiri kwamba watu wa delta wataendelea kuutumia msitu na kwamba kazi ni kupanga matumizi hayo.

Miaka sita baadaye busara hiyo ikapimwa. Kampuni iliyoitwa African Fishing Company iliomba kuanzisha ufugaji wa kamba katika eneo la takriban hekta 10,000 za delta. NEMC, chombo kilichoundwa na Serikali ili kuishauri juu ya mambo kama hayo, kilishauri mradi usikubaliwe. Mwishoni mwa mwaka 1997 Serikali ikaukubali. Mradi haukuja kutekelezwa, lakini tusiipe sifa hiyo kamati yoyote ya uratibu. Wanavijiji wengi wa delta walikataa kuondolewa, baadhi yao wakaenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira, wanaharakati wakapiga kelele ndani na nje ya nchi, na mwisho mwekezaji mwenyewe akashindwa kuendelea. Kila nikifundisha sera za umma huwaambia wanafunzi wausome mwaka ule kwa makini. Ushauri wa kitaalamu ulikuwapo na vikao vilifanyika. Kilichokosekana ni chombo chenye uwezo wa kusema hapana na hapana hiyo ikabaki.

Nimekwenda delta na wanafunzi kupitia Nyamisati, kule watu wanakopandia boti ya Mafia. Katika moja ya vijiji vya kaskazini tulimkuta mzee amekaa chini ya dungu lake, akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, alimgeukia mwanafunzi wangu mmoja, binti wa mwaka wa pili.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma. Mwaka mmoja walikuja watu wakatuambia tupande mikoko, tukapanda, tukapewa posho. Baadaye wakaja wengine wakasema sisi ni wavamizi, tutoke. Hawa na wale si Serikali moja?"

"Ni idara tofauti, babu," akajibu yule binti.

"Basi wakikutana waniite na mimi, niwaonyeshe mahali penyewe."

Wanafunzi walicheka, naye mzee akacheka. Lakini ombi lake lilikuwa la kiufundi kuliko tulivyodhani. Ukataji wa mikoko kwa ajili ya mpunga hauna asili ya ukaidi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1978 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji ilihamia katika matawi ya kaskazini ya delta, na ardhi ambayo awali ilikuwa na chumvi ikawa tamu kiasi cha kuotesha mpunga. Mkulima hufyeka na kuchoma, huvuna vizuri kwa miaka michache, kisha magugu na kaa humshinda naye husogea mbele. Anachoacha nyuma ni uwanda wa majani mazito, wenye matuta yanayozuia maji kupwa na kujaa kama zamani. Ukichomeka miche hapo kwa mistari, ukapiga picha na kuondoka, mingi itakufa. Njia inayoelekea kufanikiwa zaidi ni kufungua matuta na kusafisha vijito ili maji yenyewe yalete mbegu, halafu kuotesha pale tu zinapokosekana. Anayejua kijito kilipita wapi kabla ya tuta ni yule mzee.

Sasa mwambie avunje tuta lake. Kwa malipo gani? Kwa kuwa msitu ni wa Serikali Kuu, kijiji hakiwezi kuumiliki kama kinavyomiliki msitu wa kijiji. Kinachoruhusiwa na Sheria ya Misitu ya 2002 ni usimamizi wa pamoja. Na kwa miaka mingi, nchi nzima, makubaliano ya aina hiyo yamekwama katika swali moja la kugawana mapato. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zitolewe mwaka 2022 swali hilo limezidi uzito, maana hekta ya mikoko ambayo jana ilikuwa na thamani ya boriti leo ina bei katika masoko ya mbali. Ningependa kuona fungu la kijiji limeandikwa kwa asilimia kabla mche wa kwanza haujapandwa, na limesomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Wapo watakaoniambia kwamba Serikali yetu haina uwezo wa kuunganisha taasisi zote hizi. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni wa Kibiti yenyewe. Kati ya 2015 na 2017, viongozi wa vijiji, raia na askari walipokuwa wakiuawa katika ukanda huu, iliundwa Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, ikavuka mipaka ya wilaya na kuwa na kamanda mmoja anayejulikana kwa jina. Sizungumzii hapa jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, nayo ina maswali yake, na familia kadhaa bado zinayauliza. Nasema tu kwamba mipaka ya idara ilivukwa pale ilipoonekana kuna haja.

Haja ya leo iko mtoni. Delta imejengwa kwa maji na tope linaloletwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu ya maji hayo. Tangu Desemba 2022, bwawa lenye mitambo ya megawati 2,115 lilipoanza kujazwa, tope jingi hubaki nyuma ya ukuta, na kiasi cha maji yanayoshuka huamuliwa kwa sehemu kubwa na mahitaji ya umeme. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, Serikali ilieleza kuwa mvua ndizo zilizozidi na kwamba bwawa lilipunguza madhara; wananchi wengi waliamini vinginevyo. Ubishi huo ungepungua sana kama ratiba ya kufungulia maji ingekuwa inatangazwa wazi, kijiji kwa kijiji. Tena Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeshatoa silaha: inataka itengwe akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto, kabla ya matumizi mengine.

Wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma, na wengine mnakaa katika vikao ninavyovizungumzia. Basi niulize kwa adabu. Kikao kinachoamua maji ya bwawa yafunguliwe kiasi gani, wakati kamba wanapozaliana na wakati wa mlau, mwakilishi wa delta hukaa kiti cha ngapi? Na afisa misitu wa Kibiti akiandika kwamba chumvi imepanda na mikoko ya juu inakauka, barua yake inafika kwa nani, na huyo anatakiwa kuijibu ndani ya siku ngapi?