Bel Air ya 1957, Inauzwa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni wazi hawakuwahi kusoma matangazo ya magari. Huko chema na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwa maneno yaleyale. Dar es Salaam utaambiwa "gari imetulia, ni kuwasha na kuondoka", na ukikaa vibaya utaongezewa kwamba ilikuwa ya mama mmoja, anaenda nayo kazini na kurudi tu. Wamarekani nao wana lugha yao. Gari la zamani wanalisifia kwa yale ambayo halikupatwa nayo: halijapakwa rangi upya, halijabadilishwa injini, halijanyeshewa, halijatoka nje ya familia. Sifa zote ni za kukanusha. Ukiyasoma matangazo haya kwa muda, kama ninavyofanya mimi usiku wakati watu wenye akili wamelala, unaona kwamba gari bora kuliko yote ni lile ambalo halikuishi.

Sisemi hivi kwa kejeli, maana nayapenda magari haya. Nayapenda kama mtu anavyopenda kitu alichokutana nacho kwanza kwenye filamu, kabla hajajua kinagharimu nini na kilikuwa cha nani. Kati ya yote, ninayoipenda zaidi ni Chevrolet Bel Air ya 1957.

Mwaka juzi nilikuwa Ohio kikazi. Jumamosi moja mwenyeji wangu alikuwa ananipeleka kununua zawadi, tukapita katika mji mdogo wenye barabara kuu moja, na mbele ya nyumba moja nikaiona. Milango minne, rangi ya samawati, paa jeupe, karatasi ya kuuza imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Nikamwomba mwenyeji asimame. Sikuwa na hela ya kununua hata tairi zake, lakini kuangalia ni bure.

Kwa wasioijua, nieleze kidogo. Wapenzi wa Chevrolet wana miaka yao mitatu mitakatifu: 1955, 1956 na 1957. Mwaka 1955 kampuni ilileta injini mpya ya V8, ndogo na nyepesi, na kufikia 1957 ilikuwa imekuzwa hadi inchi za ujazo 283, yaani kama lita 4.6. Umbo nalo likachangamka. Nyuma kuna mapezi mawili yaliyochongoka kama samaki aliyekasirika. Ubavuni, kwenye hayo mapezi, kuna bamba la alumini, na wavu wa mbele umetiwa rangi ya dhahabu. Ukitafuta mahali pa kujazia mafuta hupaoni: mfuniko umefichwa nyuma ya ukanda wa nikeli kwenye pezi la kushoto. Ikiwa mpya, yenye milango minne na V8, iliuzwa chini ya dola 2,500. Mikanda ya kujifunga haikuja na gari. Aliyeitaka aliiagiza na kuilipia. Dashibodi ni chuma kitupu. Ukigonga kitu, uzuri wote ule unakurudia usoni.

Mwenye gari alitoka nje kabla sijapiga hodi. Mzungu, mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, anayependa kuongea. Alisema gari liliachwa na mjomba wake, aliyelinunua jipya, na maisha yake yote lililala ndani ya banda la mbao nyuma ya nyumba. Lilikuwa linatoka Jumapili, na tarehe 4 Julai kwenye gwaride. Mita ilisoma maili 31,000 na ushei.

Hapa mwandishi wa habari ndani yangu akaamka. Mita za wakati ule zina tarakimu tano tu. Zikipita 99,999 zinarudi sifuri, na gari lililochakaa linazaliwa upya. Kwa hiyo usiiamini mita, angalia mguu. Raba ya pedali ya breki haidanganyi: gari lililokwenda maili laki moja na zaidi lina raba iliyolika upande mmoja, au ina raba mpya, ambayo nayo ni ushahidi. Ya gari hili ilikuwa ya zamani na mistari yake bado inaonekana. Vitambaa vya viti vilikuwa vimefifia lakini havijachanika. Mzee akaleta bahasha ya risiti za oili na betri, zimepangwa kwa miaka. Nikaamini.

Baadaye, ndani ya gari la mwenyeji wangu, nilipiga hesabu. Maili 31,000 kwa zaidi ya miaka sitini ni chini ya maili 500 kwa mwaka, au kama maili tisa kwa wiki. Huo si usafiri, ni kunyoosha miguu. Na ili gari lipumzike namna hiyo, lazima mwenye nalo awe na gari lingine la kulichosha. Tunasema limetunzwa vizuri, na kweli limetunzwa, lakini kwanza lilikuwa gari ambalo mtu hakulihitaji. Matunzo ya aina hiyo yanataka banda, kiwanja, gari la pili, na uhakika kwamba nyumba hii itakuwa yako na ya mpwa wako miaka sitini ijayo.

Mzee aliniruhusu nikae ndani. Kiti kilikuwa laini kama kochi, usukani mkubwa kama ungo. Akasimama mlangoni, mkono juu ya paa, akasema ile ilikuwa miaka mizuri. Mtu alikuwa anawasha gari hapa, anaendesha mpaka California, haogopi chochote.

Nimefundishwa kwetu kutobishana na mzee aliyenikaribisha. Lakini kazi yangu ni kuuliza, nikauliza. Nilimuuliza kwa upole, mikono yangu ikiwa bado kwenye usukani: na watu weusi je, walikuwa wanapita hapa?

Alikaa kimya. Nilidhani nimemuudhi. Kisha akasema kulikuwa na kibao, pale darajani, mwanzo wa mji. Akiwa mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kusoma, alikuwa anasoma kwa sauti kila bango njiani. Mama yake alimwambia kile asikisome. Hakuniambia kilisema nini na sikumuuliza. Miji ya namna hiyo ilikuwa mingi, si Kusini tu bali Kaskazini pia, na ujumbe wake ulijulikana: mtu mweusi, jua lisikuzamie hapa.

Kisha akarudi kwenye bei. Dola 28,000, inazungumzika.

Nimelifikiria jibu lile kuliko nilivyolifikiria gari. Mwaka ambao mjomba alikuwa analitoa gari Jumapili na kulirudisha bandani, msafiri mweusi mwenye gari kama lile alikuwa anabeba kitabu. Kilianzishwa na Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, New York, mwaka 1936, na kilitoka mpaka toleo la 1966-67. Kilitaja hoteli, nyumba za watu binafsi, migahawa, saluni na sheli ambako mtu mweusi angehudumiwa. Ni kitabu cha anwani tu, lakini ukikisoma taratibu kinatisha, kwa sababu ya nafasi zilizo katikati ya mji mmoja na mwingine. Kwenye nafasi hizo familia zilijitegemea. Buti lile kubwa la Bel Air, ambalo matangazo yanalisifia kwa masanduku ya likizo, kwao lilibeba chakula cha njia nzima, mablanketi ya kulalia garini, dumu la petroli, na kopo la watoto kujisaidia, maana choo cha sheli kilikuwa na wenyewe.

Na bado walinunua magari, wakayapenda. Hili nalo lazima lisemwe. Gari lako mwenyewe lilimaanisha hakuna dereva wa basi wa kukuambia usimame. Huko Montgomery, Alabama, kuanzia tarehe 5 Desemba 1955, watu weusi waligomea mabasi ya mji kwa siku 381. Wafanyakazi wa ndani, wafua nguo, walimu na wanafunzi walitembea kwa miguu au walipakiwa kwenye magari ya kujitolea, kama 300 hivi, yenye vituo na ratiba. Makanisa yalinunua magari makubwa ya kubeba abiria. Polisi waliwaandama madereva kwa makosa madogo madogo. Januari 1956 Martin Luther King mwenyewe alikamatwa kwa kuendesha maili 30 kwa saa palipotakiwa 25. Kampuni za bima zilipoyakataa magari ya makanisa, bima ikatafutwa mpaka London.

Sasa jiulize gari lililofanya kazi ile lilionekanaje mwaka mmoja baadaye. Sita ndani, alfajiri na jioni, siku baada ya siku. Vitambaa vya viti vimeisha, klachi imeungua, raba ya pedali imekuwa kipara. Hilo haliandikiwi tangazo la kujisifu. Linauzwa kwa bei ya kutupa, linavunjwa, linakwenda kuyeyushwa. Kwenye soko la magari ya kale bei inapanda kadiri gari lilivyofanya kidogo, kwa hiyo magari yaliyofanya makubwa ndiyo yanayopotea kwanza.

Kisa kinachonikaa rohoni zaidi ni cha Tulsa, Oklahoma. Juni 1957 mji huo uliadhimisha miaka 50 ya jimbo kwa kuzika gari jipya, Plymouth Belvedere, kwenye shimo la zege karibu na mahakama. Walizika na petroli pia, wakihofia kwamba mwaka 2007 huenda isiwepo, na bia. Wananchi walibashiri idadi ya watu wa mji miaka 50 baadaye; atakayekaribia zaidi angepewa gari. Juni 2007 watu wakajaa kuangalia likifukuliwa. Shimo lilikuwa limejaa maji. Gari lilitoka likiwa bonge la kutu na matope, na mshindi wa bahati nasibu alikuwa ameshafariki. Baadaye lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho ya magari huko Roscoe, Illinois.

Watu hukisimulia kisa hiki wakicheka. Lakini Tulsa ni mji uleule ambao tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 kundi la wazungu lilichoma Greenwood, mtaa wa weusi wenye maduka, hoteli, makanisa na sinema, mitaa 35 hivi ikawa majivu. Makadirio ya waliouawa yanafika 300, na wengi walizikwa bila alama. Kwa miongo mingi habari hiyo haikufundishwa shuleni. Gari lilichimbuliwa 2007, mwaka uliotangazwa miaka 50 kabla. Makaburi yalianza kuchimbuliwa 2020, kwenye eneo la makaburi la Oaklawn, na majeneza yakapatikana. Mji mmoja, udongo mmoja. Kimoja kiliwekewa tarehe ya kukumbukwa, kingine kiliachwa kisahaulike.

Sasa mtu ataniuliza, kwa hiyo gari la mzee wa Ohio lina kosa gani? Halina. Ni chuma, nikeli na vitambaa, kazi nzuri ya wafanyakazi wa kiwandani, na wengine wao walikuwa weusi waliotoka Kusini kufuata mishahara ya viwanda hivyo. Mjomba aliyelipangusa kila Jumapili simjui, na sina sababu ya kumhukumu kwa kibao ambacho sijui alikionaje. Wala sitaki kuwa mtu wa kuingia nyumba za watu na kuwaharibia urithi wao. Ninachokataa ni lile neno "miaka mizuri" kuwekwa ndani ya bei, kama vile ni sehemu ya injini. Gari linaweza kubaki kama lilivyotoka kiwandani. Kumbukumbu haibaki hivyo. Mtu ameigusa, ameisafisha hapa na pale, amepaka rangi juu ya kutu.

Na tuseme ukweli, yule mzee alikuwa mwaminifu kuliko tangazo lake. Angeweza kusema hakumbuki. Alikuwa na nafasi ya kuniuzia samawati na nikeli akanyamaza, lakini alinipa kile kibao, kitu ambacho mama yake alimkataza kukitamka. Nadhani hicho ndicho kilichokuwa kimehifadhiwa vizuri zaidi pale uani, na hakikuwa kinauzwa.

Maktaba ya umma ya New York imeweka mtandaoni matoleo mengi ya kitabu cha Green. Mtu yeyote anaweza kuyasoma bure. Niliporudi hotelini nilifungua kurasa za Ohio. Columbus ipo, Cleveland ipo, Cincinnati, Dayton na Toledo zipo. Ule mji mdogo haumo.

Siku nikipata dola 28,000 za kuchezea, jambo ambalo uandishi wa habari haunipi dalili zake, nitainunua Bel Air ya 1957. Sitaiweka bandani. Nitaijaza watu na kuiendesha mpaka raba ya pedali ilike. Na kwenye kijidroo cha dashibodi, pamoja na kadi ya gari na risiti za mjomba, nitaweka nakala ya kitabu kile cha mpeleka barua wa Harlem, ili atakayeinunua kwangu akute karatasi zote.