Barua kutoka Kanheri

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku Mumbai hatujambo, na mgonjwa wetu anaendelea vizuri baada ya upasuaji. Mwenzangu alibaki naye hospitalini, nami nikapata nafasi ya kwenda kuyaona mapango ya Kanheri. Wewe ndiye uliyenifundisha kupenda mambo ya kale, basi nakusimulia wewe kwanza.

Unapanda treni hadi Borivali, kaskazini mwa jiji. Hatua chache kutoka kwenye kelele za bajaji na wauza matunda, unafika lango la Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, msitu wenye chui ndani ya jiji la mamilioni ya watu! Basi linakupandisha kilimani, kisha unapanda ngazi za mawe, na ghafla mlima wote umejaa milango.

Mapango ni zaidi ya 100, na yote yamechongwa na mikono ya watu kwenye mwamba wa volkano. Kazi ilianza yapata miaka 2,000 iliyopita, na watawa wa Kibudha waliishi humo kwa karibu miaka 1,000. Mengi ni makao ya kawaida: baraza mbele, chumba nyuma, na jiwe lililoachwa liwe kitanda. Mtawa wa Kibudha alikuwa mtu wa kutembea, lakini majira ya mvua alitakiwa atulie mahali pamoja. Na mvua za huku, kuanzia Juni hadi Septemba, zinamwagika kwelikweli.

Mvua hiyo hawakuiacha ipotee, Shangazi. Juu ya mwamba wamechonga mifereji inayoongoza maji hadi kwenye birika lililochimbwa kando ya pango, na karibu kila pango lina la kwake. Niliwakumbuka wazee wetu wa visiwa vya Lamu na jabia zao za kukinga mvua. Watu wamezoea kuwasifu watawa hawa kwa sanamu, nami nawasifu zaidi kwa maji, maana bila hayo mabirika pasingekuwa na mtu wa kuchonga sanamu wala wa kuzitazama.

Ukumbi mkubwa wa ibada, pango namba 3, nao una haki yake. Barazani wamesimama Mabudha wawili, mmoja kila upande, wenye urefu wa karibu mita 7. Ndani kuna safu za nguzo, na mwishoni stupa, yaani kuba takatifu la Kibudha lililochongwa kwenye mwamba, ambalo waumini walilizunguka kwa heshima. Ukumbi huo ni wa karne ya 2, zama za wafalme wa Satavahana.

Na nani aligharimia yote hayo? Maandishi ya Kibrahmi yaliyochongwa ukutani yanajibu: wafadhili wengi walikuwa wafanyabiashara, wakiwemo wa Kalyan na Sopara, bandari za karibu. Bandari hizo zimetajwa katika Periplus, kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya 1, na humo humo imetajwa Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu! Kwa hiyo usidhani watawa hawa waliikimbia dunia. Walikaa mbali kiasi cha kupata utulivu, karibu kiasi cha kufikiwa na sadaka za watu wa bahari. Hata watu wa dini nyingine walipanda kilima hiki: katika pango namba 90 Waparsi, wafuasi wa Zoroasta, waliandika majina yao kwa Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi, mwaka 1009 na tena 1021.

Mwezi ujao ukija kumwona mgonjwa, panga siku nzima ya Kanheri. Jumatatu hufungwa, kwa hiyo chagua siku nyingine. Vaa viatu visivyoteleza, na usiogope mvua: ndiyo itakayokuonyesha ile mifereji ikifanya kazi.

Wasalimie wote nyumbani.

Mtoto wako,
Salma